Moja, Dawa, Tatu

Jambo zima lilitugharimu euro kumi na mbili. Nimehesabu mara mbili. Ndiyo bei ya buti nyekundu za mtumba ambazo hadi leo, nikifungua kabati, hunijaza pua kwa harufu ya ngozi na nta. Muuzaji alitaka ishirini na tano. Maman, mzaliwa wa Lubumbashi, akazigeuza juu chini.

“Vingt-cinq? Eh papa, hizi bottes zinachezaka zenyewe?”

Nilikuwa na miaka tisa, na mguu wa kushoto ambao, hata baada ya upasuaji katika hospitali ya Woluwe, ulibaki mfupi kuliko mwenzake. Shuleni waliniita Tik-Tak. Jumamosi Maman aliimba na kwaya yetu ya Wakongo katika ukumbi wa parokia ya mtaa wetu, Ganshoren. Chumba cha pili watoto wa Kipolandi walijifunza ngoma za kwao. Mimi nilichungulia mlangoni, kazi isiyohitaji miguu.

Mwalimu wao, Madame Halina, alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kutunga hatua za maigizo ya muziki: ngazi zinazong'aa, manyoya, kofia zikirushwa hewani. Kisha akarudi kwenye ngoma za bibi zake. Aliinua kidole tu, chumba kizima kikageuka kama ukurasa wa kitabu. Nilisahau kufumba mdomo.

Siku moja akaniita. “Wewe wa mlangoni, tembea mpaka hapa.”

Nilitembea nikiomba sakafu inimeze. Hakunitazama, alifumba macho, akasikiliza. “Tena,” akasema. Nikarudia. Ndipo akanipanga kati ya wanafunzi wake, akaanza kuhesabu moja, mbili, tatu kwa Kipolandi: raz, dwa, trzy. Mimi nilisikia “dawa”. Kishindo cha sote kikaanguka hapohapo, kwa mguu wa kushoto, kila mara.

Nyumbani nilimweleza Maman kwamba Wapolandi huhesabu moja, dawa, tatu.

“Bon, kama ni dawa, piga nguvu,” akasema. “Dawa, bantu habamezake nusu.”

Siku ya onyesho niliwekwa safu ya mbele, nimevaa buti zile nyekundu. Sote tulidondokea mguu wa kushoto, bega likishuka, na ukumbi ukapiga makofi kwenye kila “dawa”. Nilimtafuta mwenye kuchechemea, sikumwona. Maman naye, nilikuja kuambiwa, alimgusa jirani yake: “Alors, wangu ni ule gani?” Kisha akalia.

Kwa miaka niliamini ngoma ile ilitungwa na mtu mwenye mguu kama wangu. Mwaka jana tu, mtaa wa Auderghem, nilitazama kikundi kingine kikiicheza ileile. Nilihesabu. Nikahesabu tena. Kishindo chao kilikuwa kwenye tatu. Madame Halina alikuwa ameisogeza ngoma ya bibi zake ili inifuate mimi.

Sasa ana nyonga ya bandia na fimbo. Jumapili iliyopita tulitembea pamoja, yeye akichechemea, mimi nikichechemea, tukaenda sawa kabisa.

“Dwa,” akanong'ona.

“Dawa,” nikaitikia.

Hajawahi kusema alichofanya. Basi nishaurini, ninyi mliolelewa vizuri: nimwambie kwamba nimegundua, au nimwache aendelee kudhani sijui kuhesabu?