Tofali la Wübke

Shangazi yangu Wübke hakuwahi kuegesha gari bila kuweka tofali nyuma ya gurudumu. Nchi yetu, huku karibu na mji wa Leer, kaskazini mwa Ujerumani, ni tambarare kama sinia. Kilima chake pekee ni tuta la kuzuia maji. Hata hivyo alishuka, akainama, akaweka tofali, ndipo akabeba kapu la nguo za wateja alizozifua.

Gari lenyewe babu Hinderk alilinunua mwaka 1931: magurudumu matatu, injini juu ya gurudumu la mbele, kelele nyingi kuliko mwendo. Sheria ya wakati ule haikudai leseni kwa injini ndogo kama ile. Babu, mzee wa kanisa aliyeogopa hata baiskeli, akamkabidhi usukani binti yake wa miaka kumi na minane. Wiki ya kwanza gari likateremka kutoka juu ya tuta, likatumbukia mferejini pamoja na vitambaa vya meza vya mke wa mchungaji.

“Si tulisema?” kijiji kikasema. “Mwanamke na breki wapi na wapi!”

Kuanzia siku hiyo likaja tofali. Watu wakalisifu: msichana amejuta. Walilisifu miaka sitini.

Mwaka 1991 Bwana Onken wa jumba la makumbusho la kijiji alikuja kuliomba gari. Alikunywa chai vikombe vitatu, kama adabu inavyotaka, kisha akasoma kibao alichokwisha kukiandaa: “Lilitumbukia mferejini dereva aliposahau breki.”

“Futa hiyo,” shangazi akasema.

“Lakini Bi Wübke, kijiji kizima kinajua!”

“Kijiji kizima kilikuwepo? Mimi nilikuwa jikoni kwa mke wa mchungaji, napokea nguo chafu. Baba ndiye aliyelipandisha tutani, aonje naye kuendesha.”

Onken alikodoa macho. “Mzee wa kanisa?”

“Huyo huyo.”

“Shangazi,” nikamuuliza, “mbona ulinyamaza?”

“Angeaibika, angeliuza kesho yake. Aibu ikiwa yangu, gari linabaki. Nami nilitaka kuendesha, mwanangu.”

“Na tofali je?”

“Baba alikuwa na funguo za pili. Tofali lilikuwa kwa ajili yake.”

Kamati ya jumba la makumbusho ilijadili jambo hilo majira mawili ya baridi. Wajukuu wa wazee wa kanisa ndio walioijaza. Mwishowe kibao kikaandikwa kwamba gari “liliteremka lenyewe”. Tofali likapewa namba, likawekwa kabatini, mbali na gurudumu. Shangazi alilisoma lile neno “lenyewe” mara mbili, akacheka mpaka akatafuta kiti.

Miaka mitatu baadaye nilimkuta hospitalini Leer, amepungua, mikono juu ya shuka. Aliniita kwa kidole nisogee.

“Gesche, kitanda hiki kina magurudumu. Tafuta tofali. Kikiteremka, watasema ni mimi.”