Bakuli Nililolifukuza Nyumbani

Nakumbuka siku niliyoaga kwetu Muheza, mjomba alinicheka mbele ya watu: “Wewe? Utaishia kuosha vyombo vya Wazungu!” Leo stashahada yangu ya utunzaji wa sanaa za Kijapani imetundikwa sebuleni, na mjomba huyohuyo huwaleta wageni waitazame. Ila mwanangu, nusura niikose.

Nilikuwa Brussels, katika mafunzo ya vitendo kwenye karakana ya bibi mmoja wa Kijapani, jirani na barabara ya Chaussée de Wavre. Bila saini yake, sihitimu. Asubuhi moja aliletewa bakuli la kale la chai ili alisafishe. Kusema kweli lilikuwa kama limefinyangwa na mtoto: limepinda, rangi ya tope, tena ndani ya kisanduku cha mbao kilichochakaa. Nami nimelelewa hivi: kitu cha heshima hakipelekwi kwa mtu ndani ya kikapu kibovu. Bibi alipotoka kidogo, nikalihamishia kwenye kasha jipya la hariri, kile kisanduku nikakitupa kwenye pipa la taka uani.

Bibi aliporudi hakulitazama bakuli. Aliuliza, “Nyumba yake iko wapi?”

Maman Béa, Mkongomani aliyetusafishia karakana, akashika kichwa. “Mutoto, uliitupa? Alors, unangoja nini? Kimbia! Diplôme yako iko naenda na camion!”

Nikalidaka lori la taka kwenye kona, nikapanda na suti yangu ya pekee, dereva akinitukana. Nikatoka na kile kisanduku.

Bibi akageuza kifuniko. Kwa ndani palijaa wino: jina la bakuli, Ukungu wa Alfajiri, mwandiko wa mfinyanzi, kisha wa kila aliyelirithi. Akanisomea mmoja mmoja, polepole. Ndipo akaniwekea bakuli mikononi. Pale lilipopinda, vidole vyangu viliingia sawasawa mahali pa vidole vya mfinyanzi. Lile tope, kwenye mwanga wa dirisha, lilikuwa na kijani kibichi chini kabisa, kama maji ya kisima. Watu wote wale wamekufa, na udongo haujapata hata ufa.

“Wewe ndiye wa kwanza kulifukuza nyumbani,” alisema. Akanipa kamba ya kisanduku. “Funga.” Fundo lile lilinichukua hadi adhuhuri. Saini aliitia miezi baadaye.

Basi nawe unayesafiri kwenda masomoni, nakuusia: usione vyaelea, vimeundwa. Ukikuta kitu kikuukuu, uliza kwanza kimepita mikono ya nani. Werevu unaoanza kwa kutupa ni ujinga uliovaa suti. Nami nilikuwa nimeivaa. Mola akupe macho yenye subira, akujalie walimu wakali, akurudishe kwenu salama. Amina.