Uso wa Seikichi Pichani

Asubuhi ya mwisho kabla hajafariki, mke wa mzee Yasuke alipika wali kama kawaida, akagonga kifuniko cha sufuria kwa vidole viwili mara nane. Mazoea ya kazi hayo. Miaka kumi na tisa, katika studio ya picha pale Nagasaki, alijifunika kitambaa cheusi, akapakata watoto wa watu na kuwagonga mgongoni taratibu, moja hadi nane, wasitikisike mpaka picha ishike. Pichani yeye haonekani. Unamwona mtoto tu, amekalia kilima cheusi. Hata nyumbani alisema chini chini, kama bado yumo ndani ya kitambaa.

Asubuhi hiyo mzee Yasuke alikuwa na picha ya mwana wao Seikichi, aliyekufa wiki moja baada ya kupigwa picha. Miaka thelathini hakuuelewa uso ule uliokunjamana. Mtoto aliogopa? Alishaanza kuumwa? Hakuwahi kuuliza, kwa kuogopa jibu. Siku hiyo akauliza. Mkewe akaifuta picha kwa upindo wa kimono, akacheka. Mpaka leo Yasuke huitazama picha, akajitazama kwenye kioo, asijue afurahi au alie, kwa maana mkewe alimwambia hivi:

“Woga wa nini, baba Seikichi? Nilimpakata mimi, moyo wake ulikuwa unapiga polepole kama wa mtu aliyeshiba. Wewe ndiye uliyesimama nyuma ya kamera umekunja uso kama umetafuna ndimu. Mwanao alikuwa anakuiga.”