Dakika Tatu za Milimita

Karakana nzima inamwita kaka yangu Milimita, kwa sababu hakati plastiki kabla hajapima mara tatu. Anatengeneza miguu bandia katika taasisi ya hisani, mwaka wa kumi na sita huu, kwa mshahara ambao hata panya wa stoo wanamhurumia. Binti yangu, tunayemwita Bibi Mdogo kwa ubosi wake, ameshavaa miguu minne aliyomtengenezea. Mtoto anakua, mguu haukui. Alikatwa juu ya goti, kwa hiyo anahitaji wayo na goti pia, na goti lake la sasa limelegea. Akishuka ngazi, roho yangu iko mkononi.

Mwaka huu muswada wa fedha ulikuja na mistari miwili: nyayo bandia na magoti bandia kutoka nje, vyote vitozwe ushuru kama bidhaa nyingine za plastiki. Taasisi isingeweza kuvinunua tena. Milimita ndiye aliyeigundua mistari hiyo, kwa miwani yake aliyoifunga kamba, kwenye ukurasa wa mia na nne.

Mkurugenzi wetu ni mtu mwema, sikatai. Lakini maisha yake yote amekuwa akishukuru wafadhili, na ulimi wake haujui njia nyingine. Barua ya maoni aliipamba kwa shukrani mpaka tarehe ya kupokea maandishi ikapita. Ikabaki kusema kwa mdomo mbele ya kamati ya bajeti, dakika tatu tu, na kisichosemwa hakiandikwi.

Wiki nzima Milimita alifanya mazoezi jikoni kwangu, Bibi Mdogo akishika saa. "Mjomba, umepitiliza. Anza upya." Mwishowe mistari yote miwili, na sababu zake, ikaenea katika dakika mbili. Mkurugenzi naye akakubali: atasalimu kwa nusu dakika, basi.

Siku yenyewe nilikaa kiti cha nyuma. Mkurugenzi akashika kipaza sauti. Akamshukuru mwenyekiti. Akawashukuru waheshimiwa, makatibu, na waliopanga viti. Akasema itifaki imezingatiwa, halafu akaanza kuizingatia upya. Dakika ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha yeye bado yuko kwenye historia ya jengo letu. Nilitamani nikamvute koti. Milimita alikuwa ameukunjakunja ukurasa wake mpaka ukawa mdogo kama tiketi ya basi.

Kisha akanyoosha mkono, akamnyang'anya bosi wake kipaza sauti mbele ya watu wote. Nikajua kaka yangu anamwaga unga.

"Ukurasa wa mia na nne, mstari wa saba, nyayo bandia," alisema. "Tunaomba ufutwe. Wayo ukipanda bei, mtu anarudi kwenye magongo. Hii si bidhaa ya plastiki, waheshimiwa. Ni mtu anayekwenda kazini kwake."

Mwenyekiti akachukua kalamu, akaandika.

"Na mstari wa nane..."

Kengele ikalia. Katibu akaita taasisi inayofuata.

Ripoti ya kamati ilitoka baada ya siku tisa. Mstari wa saba umefutwa. Wa nane uko pale pale. Karakana ilishangilia, na mkurugenzi, badala ya kumfukuza mtu, akanunua soda na kusema ataiandikia kamati barua ya shukrani. Mimi nilimfuata kaka yangu kwenye meza yake ya kazi.

"Kwa nini hukuanza na magoti?"

Hakuinua kichwa. "Wanaohitaji wayo peke yake ni mia mbili na kumi. Wa magoti ni kumi na tisa."

"Sijakuuliza hesabu. Ulijua mwanangu yumo."

"Nilijua, dada." Alishika bisibisi bila kuitumia. "Nilijua hata nilipokuwa nafungua mdomo."

Nilimkasirikia. Nilijua amefanya sawa, na kujua huko hakukunipunguzia hasira hata chembe. Bibi Mdogo akaingia, goti likilia kila hatua, akakaa kwenye benchi na kumnyooshea mguu.

"Mjomba, kaza tena."

Akaikaza skrubu ile ile aliyoikaza wiki iliyopita.

Bajeti ijayo nitakwenda mimi. Nimeshaanza mazoezi jikoni, Bibi Mdogo ndiye anayeshika saa. Naanza na mstari wa nane, na simshukuru mtu.