Fungua Nikiomba: Maisha ya Sista Perpetua Nasambu

Alizaliwa Jumapili, tarehe 4 Machi 1973, katika mtaa wa Manyatta, Kisumu, asubuhi ya mvua nyembamba isiyosikika juu ya mabati. Wazazi wake walitoka Bungoma kutafuta kazi. Baba yake, Wekesa, alikuwa fundi viatu asiyekata ngozi kabla hajauona mguu wa mteja. Akiwa msichana, Perpetua alimwona jirani yao akirudishwa nyumbani bila kupasuliwa, kwa kuwa familia ilishindwa kununua vifaa. Alisali usiku huo awe daktari. Mungu alimpa udaktari, akamwongezea na utawa.

Mwaka 2011 alitumwa kuongoza chumba cha upasuaji katika hospitali ndogo ya misheni ya Rang'ombe, upande wa Kombewa, ambako akina mama walifika hata kutoka Usenge. Chumba hicho kilikuwa karibu kufungwa. Nyuzi, glavu na dawa viliisha kabla ya mwezi kuisha, na akina mama wenye uchungu waliambiwa wajaribu Kisumu, wengine hawakufika. Madaktari waliilaumu ofisi, ofisi ikawalaumu wagonjwa. Sista alifunga na kusali, lakini hakupata jibu.

Jibu lilikuja kwa kosa. Desturi ilikuwa kufungua pakiti zote mapema, na kisichotumika kutupwa, kwa maana kikishafunguliwa hakihesabiwi safi tena. Siku moja Sista alimwambia nesi mgeni, Lorine, "Nyuzi, fungua nikiomba." Lorine, akijua huyu ni mtawa, akainamisha kichwa akingoja sala.

"Lorine, uzi!"

"Sista, si bado hujaomba?"

"Nimeomba sasa hivi!"

"Woi! Mimi nilikuwa nangoja uanze Baba Yetu."

Chumba kizima kilicheka, na mtoto aliyekuwa ametoka tumboni muda huo akalia kwa nguvu. Kazi ilipokwisha, Sista aliona pakiti nyingi mezani zikiwa nzima. Akapiga magoti papo hapo. Tangu siku hiyo aliwasihi madaktari na manesi kisifunguliwe kitu kisichoombwa.

Daktari Oyugi, mpasuaji hodari, alichukizwa. "Sista, mimi ni daktari, si mama wa soko la Katito wa kupunguza bei."

Sista alimjibu kwa upole, "Daktari, mgonjwa usimpunguzie chochote. Omba anachohitaji, na ukikiomba ukipate mara moja."

Oyugi alimshtaki kwa wakuu wa hospitali kwamba anawanyima wagonjwa vifaa, na Sista akaondolewa katika upasuaji. Alitii bila kunung'unika, akahudumu wodini. Huko aliketi na madaktari vijana kando ya vitanda, akiwauliza, "Mama huyu anakunywa uji vizuri. Dripu ni ya nini?"

Miezi ikapita, stoo ikakauka tena. Siku moja Oyugi alikuwa akimshona mzee aliyekatwa na panga, na nesi akanyoosha mkono kufungua pakiti ya mwisho ya uzi wa tumbo, kwa mazoea tu. Oyugi akasita. "Wacha. Sijaomba." Kabla hajavua glavu, aliletwa Amolo, mama kutoka Usenge, akivuja damu, mtoto akiwa amekwama. Pakiti ile iliwaokoa wote wawili. Jioni hiyo Oyugi alikwenda wodini akamwomba Sista msamaha, kisha akaenda kwa wakuu kuomba Sista arudishwe, nao wakamrudisha.

Sista Perpetua alifariki kwa saratani mwaka 2023. Amolo husimulia kwamba siku ile ya kujifungua alimtaja Sista katika maumivu yake, akaona amani. Kanisa halijatamka neno juu ya hayo, nasi hatulitangulii. Tunachokijua ni kwamba chumba kile hakikufungwa, na sisi sote, hata tusio madaktari, tunaweza kujifunza kwake kutotupa kile ambacho mwingine anakililia.

Kwenye misa ya maziko, Oyugi alisimama karibu na jeneza, mbele ya padre, manesi na Amolo aliyemshika mwanawe mkono, akasema kwa sauti:

"Sista, sitafungua nisichokiomba. Na mama akija, hatasikia tena kwetu kwamba ajaribu Kisumu."

Lorine akaitikia, "Amina."