Selo kwenye moto wa ngoma

Juzi pale Newala, basi moja kati ya haya mapya ya watu binafsi lilimshusha mwanamke aliyekumbatia selo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kuketi. Kwao ni hapahapa, ila miaka mingi amekuwa akiipiga kwenye majumba makubwa ya muziki Ulaya. Kando ya stendi, wapiga ngoma wa harusi walikuwa wanazipasha ngoma zao kwenye moto wa majani ili zilie vizuri.

“Shikamoo, baba,” alimwamkia mkubwa wao.

“Marahaba, mwanangu. Ilete na hiyo yako tuipashe.”

Mimi niliyekuwa nikiwatazama niliogopa yule mwanamke atacheka. Hakucheka.

“Hii, moto utaipasua, baba. Yenyewe inapata moto ikipigwa.”

Akaketi, akapiga, mpaka vijana wakasahau ngoma zao motoni. Mzee akaweka kiganja kwenye ubao wa selo, kama anavyopima ngozi ya ngoma.

“Imeshapata,” akasema.

Huko Ulaya wanampigia makofi tu.