Saa za Likizo za Sajini Sumlin

Ukitaka kumuudhi Renetta Sumlin, muulize bega lake linaendeleaje. Atakujibu "zima," kisha atanyanyua kitu ambacho wewe ungeitia watu wakusaidie, ili mazungumzo yaishe hapo. Bega zima gani lile. Baridi ikiingia linalia kama bawaba isiyotiwa mafuta, na karakana nzima tunalisikia. Lakini Renetta aliwahi kuwa sajini, na sisi bado tunamwita Sajini, na kwa akili yake sajini haumwi.

Mimi natoa vipuri dirishani kwenye bohari hii ya jeshi, hapa Alabama, tangu nywele zangu zikiwa na rangi yake ya kuzaliwa. Sisi si wanajeshi. Ni raia tulioajiriwa na serikali kuu kutengeneza magari ya deraya yaliyochoka. Kwetu hapa mtu hapimwi kwa gari wala nyumba, anapimwa kwa saa za likizo. Kila wiki mbili serikali inakuwekea saa zako: mgeni anapata nne, aliyetumika miaka kadhaa anapata sita, na sisi wakongwe tunapata nane. Mezani wakati wa chakula utasikia, "Mwacheni huyo, wa nne tu," kama anasemwa mtoto anayetambaa. Msimu wa kuwinda paa ukifunguliwa, wa nane anaingia porini na bunduki yake, wa nne anabaki kukaza bolti.

Renetta alikuwa wa nne, na hapo ndipo nilipokuwa nachoka. Alitumikia jeshi miaka kumi na mmoja. Dub Ledbetter, fundi wetu wa injini, naye alitumikia karibu miaka hiyo hiyo, akatoka mzima bila hata kucha kuvunjika. Alipoajiriwa bohari, miaka yake ya jeshini ikahesabiwa yote, akawa wa sita tangu siku ya kwanza. Renetta yeye alistaafishwa na jeshi kwa sababu ya bega, akapewa pensheni ya kila mwezi. Na sheria inasema aliyestaafu jeshini na anakula pensheni, miaka ile haihesabiwi tena kwenye likizo ya kazi ya kiraia, kwa kuwa imekwisha kulipwa. Kwa hiyo mzima akapata sita, aliyevunjika akapata nne.

"Ungelificha tu hilo bega, Sajini," Dub alikuwa akimtania. "Ungetoka kwa miguu yako kama mimi, saa hizi tungekuwa wote porini."

"Ningetoka kama wewe ningetoka na tumbo kama lako," Renetta akamjibu, na macho yake hayakubanduka kwenye kazi.

Ila sheria hiyo ina mlango wa pembeni. Kama uliumizwa na adui, au kama uliumizwa na chombo cha vita wakati nchi iko vitani, miaka yako inahesabiwa hata kama unakula pensheni. Renetta aliujua mlango huo, na ufunguo alikuwa nao, kwa maana jeshi lenyewe lilipomstaafisha lilitamka kwamba aliumizwa na chombo cha vita. Ni yeye aliyekataa kuutumia.

Alinieleza siku moja tulipokuwa tumekaa ndani ya gari langu tukila karanga za kuchemsha. Hakuumia ng'ambo. Aliumia humu humu nchini, kwenye mazoezi, pale mlango wa nyuma wa deraya ulipokatika ukamwangukia. Mlango ule ni bamba la chuma, ng'ombe anaweza kulala juu yake. Hospitalini akalazwa chumba kimoja na kijana aliyeacha miguu yote miwili Afghanistan.

"Kila asubuhi yeye ndiye aliyeniuliza mimi nimelalaje," alisema. "Mimi niliangukiwa na mlango, Bi Ouida. Mlango. Sasa nikasimame mbele ya watu niseme na mimi ni majeruhi wa vita?"

"Hakuna anayekutaka useme hivyo. Sheria inasema chombo cha vita."

"Aliyeitunga hakulala chumba kile."

Kwa hiyo siku ya kuajiriwa, Bwana Thackston wa ofisi ya utumishi alipomuuliza, "Uliumia vitani?" Renetta alijibu, "Hapana, bwana," na karatasi yenye ile kauli ya jeshi akaibakiza nyumbani. Thackston naye ana heshima zake, mtu wa jeshi akisema hapana yeye haongezi neno. Swali fupi, jibu fupi, na Renetta akawa wa nne. Nikaona ni yake, nikanyamaza, na kunyamaza si kawaida yangu.

Mwezi wa pili mwaka huu baba yake akapata kiharusi. Mzee Otha Sumlin amefanya kazi kiwanda cha kuyeyusha chuma mpaka mgongo ukapinda. Ni mkali, mcheshi, na kwenye kwaya ya kanisa sauti ya chini ilikuwa yake. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na nusu ya mdomo. Hospitali ikasema anaweza kurudi nyumbani endapo atapatikana mtu wa kukaa naye mchana kutwa kwa mwezi wa kwanza, kumlisha, kumgeuza na kumfanyisha mazoezi. Asipopatikana, atapelekwa nyumba ya kutunzia wazee.

Na nyumba hiyo Mzee Otha aliiogopa kuliko kaburi. Kaka yake Cleophus aliingizwa humo "kwa muda mfupi tu," akatolewa na gari jeusi. Mzee hakuwahi kulisahau hilo.

Mtu wa kukaa naye alikuwa Renetta peke yake, na likizo aliyokuwa nayo haikutimia wiki mbili. Siku zake za ugonjwa alizimaliza mwaka jana alipopasuliwa bega. Kukaa nyumbani bila mshahara asingeweza, benki ilikuwa inasubiri hela ya nyumba. Alitembea karakana siku zile midomo imebanwa, akijikaza kisabuni, na ukimuuliza anakwambia mambo shwari.

Sisi tuna desturi yetu. Mwenzako akipatwa, unamkatia saa zako za likizo unampa, na serikali inaruhusu. Ijumaa, siku ambayo kila mtu huja na chungu chake kutoka nyumbani, Dub alisimama kabla watu hawajagusa kuku, akagonga meza kwa kijiko.

"Mimi natoa siku zangu za kufungua msimu," alisema. "Zote. Paa watanisamehe, hawajawahi kuniona nikilenga vizuri hata hivyo."

Watu wakacheka, wa pili akanyoosha mkono, na wa tatu. Mimi nilikuwa nimekwisha piga hesabu ya zangu. Renetta akaweka sahani chini taratibu.

"Asanteni sana. Mungu awazidishie. Lakini sichukui." Akatoka nje.

Nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nikamfuata kwenye maegesho.

"Simama hapo, Renetta. Chako unakikataa kwa sababu unaona si chako. Cha watu unakikataa kwa sababu ni cha watu. Sasa baba yako atakula nini, heshima yako?"

"Bi Ouida, tafadhali."

"Tafadhali ya nini? Mficha maradhi kifo humuumbua. Na safari hii kitakachoumbuliwa si bega lako."

Machozi yalimjaa, na akageuka upande ili nisiyaone. "Nikiitumia ile kauli ya jeshi, kila nikilala nitamwona yule kijana," alisema. Nilijiona mkatili, na bado nilijiona niko sawa.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda hospitali na bakuli la pudini ya ndizi, nesi akanipokonya mlangoni. Mzee alikuwa ameketishwa kwa mito. Renetta alikuwa anamkata kucha.

"Ouida," mzee akasema, maneno yakitoka mojamoja. "Umeniletea nini?"

"Nimekuletea pudini, wameila manesi."

"Wezi." Akatulia kukusanya pumzi. Kisha akamwambia binti yake, bila kumtazama, "Mama mmoja wa ile nyumba ya wazee anakuja kesho kuniona. Ni sawa. Nasikia wana televisheni kubwa."

Renetta aliendelea kukata kucha. Mzee Otha hajapenda televisheni maisha yake yote. Mimi domo langu mnalijua, likafunguka lenyewe. Nikamwambia mzee yote: mlango wa deraya, kauli ya jeshi, swali la Thackston, na kwamba binti yake akisema neno moja miaka yake ya jeshini itahesabiwa, na saa alizopunjwa tangu aajiriwe zitarudishwa, zaidi ya wiki tatu. Ukiunganisha na alizonazo, mwezi unatimia na chenji inabaki.

Renetta alinitazama nikadhani atanidunga na ule mkasi.

"Unamkumbuka Luther?" mzee akamuuliza binti yake.

"Yule wa mkono mmoja?"

"Kreni ilimbana. Kampuni ikasema hakuumia kazini, siku ile alikuwa anafagia, hakuwa kwenye tanuru. Tukagoma. Tulikula maharage mpaka mama yako akatishia kuhama." Akapumzika, na mate yakamtoka pembeni, Renetta akampangusa. "Unajua nani hakutaka tugome? Luther mwenyewe. Alisema, 'Ni mkono tu, jamani. Wako waliokufa kwenye tanuru.' Nikamuuliza, wewe Luther, hao waliokufa ndio waliokutuma ukatae?"

"Akasemaje?"

"Angesema nini? Akalia." Mzee akageuza kichwa kwa shida mpaka akamtazama usoni. "Huyo kijana asiye na miguu. Alikwambia ukatae?"

"Hapana, baba."

"Alikwambia nini?"

"Siku natoka aliniambia, 'Sajini, ulitunze hilo bega.'"

"Na wewe ukalitunza hivi?"

Renetta akamaliza kidole cha mwisho, akazikusanya kucha kwenye karatasi, akakaa akiwa ameushika ule mkono wa baba yake usio na nguvu.

Jumatatu asubuhi alipita dirishani kwangu, karatasi ya kauli ya jeshi iko kwapani. "Twende," akasema. "Nataka uwepo. Na usifungue mdomo." Nikafunga dirisha, waliotaka vipuri wakasubiri.

Bwana Thackston alikuwa bado hajamaliza kahawa yake. Renetta hakukaa. Alisimama mbele ya meza ile amenyooka, visigino vimekutana.

"Bwana Thackston, siku naajiriwa uliniuliza swali, na mimi nikakujibu nusu. Naomba uniulize tena."

Thackston alinitazama mimi, nikaangalia dari. Akaweka kikombe chini. "Uliumia vitani, Bi Sumlin?"

"Hapana, bwana. Nchi ilikuwa vitani, mimi nilikuwa mazoezini, na deraya ya jeshi ikanivunja bega. Siunyanyui mkono huu kupita hapa." Akaunyanyua, ukafika usawa wa kifua, ukagoma. Sikuwa nimewahi kumwona akimwonyesha mtu. "Jeshi linasema ni chombo cha vita. Na mimi nasema hivyo hivyo."

Thackston akaipokea ile karatasi, akasoma, akasoma tena, akavua miwani. "Nilipaswa kukuuliza swali refu zaidi," alisema.

"Mimi ndiye niliyekujibu kifupi. Tumalize tu, bwana. Baba yangu anangoja."

Na yakaisha bila kelele, kwa sababu sheria ilikuwa upande wake muda wote. Thackston alithibitisha na jeshi, miaka kumi na mmoja ikaingia mahali pake, na saa alizopunjwa zikarudi. Wakati hesabu inarekebishwa msimamizi wetu wa karakana akamwachia aanze na zile alizokuwa nazo. Mama wa ile nyumba ya wazee alipigiwa simu asubuhi ile ile asihangaike kuja. Dub aliposikia alimwandikia kwenye kabati lake kwa chaki, KARIBU KWENYE SITA, na kesho yake alikuwa anamwonyesha kila mtu ramani ya mahali atakapowinda, maana siku zake za paa zilikuwa zimerudi mikononi mwake.

Siku ya kumtoa mzee niliomba saa zangu mbili nikaenda nao. Hospitali ilimleta kwa kiti cha magurudumu mpaka ukingoni mwa barabara, koti la kanisani mabegani, kofia imekaa upande. Kazi ilikuwa kumwingiza garini. Renetta akainama, akapitisha mikono chini ya makwapa ya baba yake, kisha akasita.

"Bi Ouida," alisema. "Nishikie upande huu. Bega linauma."

Nimemjua tangu aanze kazi bohari, na hilo neno sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nikamshika mzee upande wa pili, tukamkalisha, tukamfunga mkanda. Mimi nikaingia nyuma na bakuli jipya la pudini mapajani, hili hakuna nesi angelipata.

Renetta akawasha gari. Mzee alikuwa anatazama mbele.

"Binti."

"Naam, baba."

"Hizi siku za kukaa na mimi. Uliziomba kwa watu?"

"Hapana, baba. Ni zangu."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Ile nusu ya mdomo inayofanya kazi ikajaribu kucheka.

"Basi usikimbize gari," akasema. "Tuna muda."